Vipaji Songwe havipotei kwa jicho la kocha, vinapotea kwa ratiba

KAMA upo Tunduma Jumamosi na unataka kuona mpira, huna haja ya kuuliza saa. Ni saa 10:00 jioni. Vwawa nako ni saa 10:00. Mlowo saa 10:00. Itumba kule Ileje, hivyo hivyo. Jua limepunguza makali, vijana wametoka kwenye mihangaiko yao, mwamuzi anapuliza kipyenga na mkoa karibu wote unacheza kwa wakati mmoja.

Kwa shabiki hiyo ni raha tupu. Kwa kocha anayesaka wachezaji hiyo ni adhabu, maana macho yake ni mawili na mwili ni mmoja. Akikaa Tunduma kumwangalia winga wa kulia, yule beki wa kati wa Mlowo anamaliza mechi yake bila kuonwa na mtu. Wiki ijayo winga anacheza vibaya, beki kaenda zake kutafuta maisha, na kocha anarudi nyumbani na daftari tupu.

Kila msimu tunasikia wimbo ule ule, kwamba vipaji vipo ila makocha wetu hawana jicho. Mimi nimesomea uandishi, sikusomea ukocha, lakini kwa hili naomba nitofautiane na wengi. Jicho lipo. Kinachokosekana ni saa za kulitumia, na hizo chache zilizopo hazipangwi.

MWASHIUYA HAKUOTA KAMA UYOGA

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2015 Yanga ilimsajili winga Geoffrey Mwashiuya kutoka Kimondo FC ya Mbozi, timu iliyochukua jina la lile jiwe maarufu lililoanguka kutoka angani na kukaa pale Ndolezi. Wakati ule Mbozi ilikuwa bado Mbeya, maana Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Kijana wa daraja la kwanza akaenda kuvaa jezi ya Jangwani, na Yanga ikachukua ubingwa wa Bara msimu wa 2015/16.

Mwashiuya hakushuka na kimondo. Kabla ya Dar es Salaam kumjua, kuna watu wa huku walimuona, wakampa namba na wakamvumilia. Kazi hiyo haitokei kwenye vichwa vya habari, lakini bila hiyo hakuna usajili.

Na ukanda huu una historia. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986. Mbeya City ilipanda mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza, chini ya Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu. Prisons ipo miaka mingi. Mbeya Kwanza, Ihefu na Ken Gold nazo zimeonja Ligi Kuu. Zote hizo ni za upande wa Mbeya, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Tunduma. Hewa ni ile ile, chakula ni kile kile, na watoto ni wale wale wanaocheza chandimu mpaka giza.

Sasa kwa nini wa kwetu anayeruka mpaka juu tunamhesabu kwa vidole?

TUPIGE HESABU YA WIKI

Tumchukue kocha wa mfano. Ni mkufunzi wa chuo au mwalimu wa sekondari hapa mkoani, ana timu ya chuo na pia anasaidia timu ya ligi ya wilaya. Wengi wa makocha wetu ni watu wa aina hii, mpira ni kazi yao ya pili.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, basi tumpe hizo. Alale saa saba kwa siku, zinakwenda 49. Zinabaki 74. Kuoga, kula, kwenda na kurudi kazini, tuseme saa tatu kwa siku, 21 hizo. Zinabaki 53. Mazoezi ya timu siku nne, saa mbili na nusu kila siku, zinakwenda 10. Siku ya mechi yake mwenyewe saa sita. Duka au shamba, 12. Familia, ibada, misiba na vikao vya mtaa, 15.

Amebakiwa na saa 10. Unaweza kusema hizo si haba. Tatizo ni kwamba zimetawanyika, nyingi ni za usiku au asubuhi na mapema, na hakuna anayecheza mpira wa ligi ya wilaya saa 4:00 usiku.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya jioni. Mpira wetu unachezwa kati ya saa 10:00 na saa 12:00. Wiki ina jioni saba. Nne ni za mazoezi ya timu yake, moja ni ya mechi yake. Zinabaki mbili.

Jioni mbili kwa wiki! Kwa msimu wa wiki 30 anapata jioni 60. Toa mvua, toa misiba, toa vikao vya ghafla na siku ambazo mfuko umekauka hata nauli hakuna, tuseme theluthi moja. Anabaki na jioni 40.

Hizo 40 ndizo mtaji wake wa kusaka wachezaji mwaka mzima. Kama kila mchezaji anastahili kutazamwa angalau mara tatu kabla ya kuamuliwa, na kama kila safari anamfuata mchezaji mmoja tu, basi kwa mwaka atakuwa amewatazama vizuri vijana 13. Kumi na watatu, kwenye mkoa wenye Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma.

UMBALI NAO UNAKULA SAA

Ramani ya mkoa huu haimhurumii kocha. Mji wa Tunduma, Mlowo na Vwawa vimekaa kwenye barabara kuu iendayo Zambia, huko hana shida kubwa zaidi ya foleni ya malori. Reli ya TAZARA nayo inapita. Lakini ukitaka kwenda Kamsamba kule Momba, bondeni upande wa Ziwa Rukwa, hiyo si safari ya kutoka kazini saa 9:30 ukafika kabla mpira haujaanza. Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, wengi wanakufikia kwa kuzunguka Mbalizi, yaani unatoka ndani ya mkoa, unaingia Mbeya, kisha unarudi ndani ya mkoa.

Matokeo yake yanajulikana. Kocha anaangalia mpira wa lami. Anayecheza karibu na barabara kuu anaonwa mara tano, anayecheza mbali haonwi hata mara moja. Halafu mwisho wa msimu tunasema Mbozi na Tunduma ndiko kwenye vipaji.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Kijana wa Tunduma mwenye miaka 18 hakai kumsubiri kocha. Mpaka uko hapo, Nakonde unaiona kwa macho. Kuna mizigo ya kupakua, kuna bodaboda, kuna biashara ndogo za kuvuka na kurudi. Wa Mkwajuni ana machimbo ya dhahabu. Wa Mbozi ana kahawa. Anayepata hela ya kila siku leo, kumrudisha uwanjani mwakani ni kazi. Hapo ndipo kuchelewa kwa kocha kunapomgharimu mtu mwingine kabisa.

KALENDA IKO WAZI, TUNAIDHARAU

Uzuri ni kwamba mwaka wa kijana wa Kitanzania unajulikana mapema. UMISSETA inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, halafu taifa katikati ya mwaka. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, kisha wengi wanakwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Kidato cha nne wanafanya Novemba, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Vyuo vikuu vinafungua kati ya Oktoba na Novemba. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea mpaka karibu Aprili. Kahawa ya Mbozi inachumwa kuanzia katikati ya mwaka. Dirisha dogo la usajili kwa kawaida linaangukia Desemba na Januari.

Ukiyaweka hayo kwenye karatasi moja, unaona mambo matatu.

La kwanza, kocha anayesubiri UMISSETA ya taifa kachelewa. Miaka ya karibuni fainali zimekwenda Mtwara na Tabora, na huko nani wa Tunduma atajilipia nauli na kulala wiki mbili? Tena wanaofika taifa ni wachache waliokwishachujwa na watu wengine. Yeye mahali pake ni kwenye kata na wilaya, ambako nauli ni ya bodaboda na kwa siku moja anaweza kuona shule nne.

La pili, kijana wa kidato cha nne akimaliza mtihani Novemba anakuwa nyumbani, hana shule, hajui kesho yake. Ule ndio muda wa kukaa na yeye na wazazi wake. Lakini viwanja ni matope na mpira unaoonekana ni wa kubahatisha. Maana yake lazima uwe umeshamuona Mei na Juni. Desemba ni ya kuzungumza, haifai kwa kuanza kutafuta.

La tatu linawahusu makocha wa vyuo. Kocha wa chuo chetu hachagui anayeingia. Udahili unafanywa kwa ufaulu, kijana anatokea Oktoba na begi lake, na kocha anaambiwa andaa timu. Anaitisha mchujo wa siku moja, vijana 80 wanakuja, kila mmoja anacheza dakika 15. Aliyekula vizuri asubuhi anapita, aliyesafiri usiku kucha anaachwa. Kumbe kama kocha huyo angekuwa na orodha ya vijana aliowaona kwenye UMISSETA, angeweza kuwatafuta mapema, kuwaeleza chuo kina kozi gani na maombi yanafungwa lini, na Oktoba akaanza na wachezaji sita anaowajua.

WENZETU WANAFANYAJE

Marekani mpira wa vyuo una kazi hiyo ya kusaka wachezaji kama ajira kamili, na Watanzania tunaijua japo kwa michezo mingine. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa chaguo la pili kwenye drafti ya NBA.

Kinachonivutia kule zaidi ya fedha zao ni namna NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinavyougawa mwaka wa kocha. Kuna kipindi cha kukutana na mchezaji, kipindi cha kumtazama tu, na kipindi ambacho ni marufuku kabisa kukutana naye ana kwa ana. Kwa michezo mingi ya daraja la juu, kocha haruhusiwi kuanza mawasiliano ya kumshawishi kijana mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Hata mazoezi yana kikomo, wakati wa msimu ni saa 20 kwa wiki na zisizidi nne kwa siku.

Sheria hizo zinamlinda mwanafunzi, lakini zinamlinda na kocha pia. Anajua mwezi huu ni wa kutazama, mwezi ule ni wa kuzungumza. Kocha wetu hajawekewa kalenda na mtu, kwa hiyo kila mwezi ni wa kila kitu, na mwezi wa kila kitu huwa unaisha bila kitu.

JIONI 40 ZITUMIKE HIVI

Najua msomaji wangu ameshaanza kusema, "Dogo, tatizo ni hela, acha maneno ya ratiba." Ni kweli hela ni tatizo. Nauli ni hela, vocha ni hela, na hakuna anayemlipa kocha wa wilaya kwenda kukaa kwenye nyasi za Kamsamba. Lakini ukiwa na hela kidogo ndiyo unahitaji ratiba zaidi. Mwenye gari na mafuta anaweza kukosea safari tatu, wewe wa bodaboda ukikosea moja umekula ya wiki ijayo.

Hivyo naona mambo manne yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Moja, kocha azigawe jioni 40 kabla msimu haujaanza. Mfano 20 ziwe za kuangalia mara ya kwanza, 12 za kurudi kwa wale waliovutia, na nane za kuwaona mara ya mwisho na kuzungumza na familia zao. Sehemu za mbali zisibahatishwe na jioni ya Jumatano. Ziwekwe kwenye likizo na sikukuu, aende Mkwajuni au Kamsamba siku mbili mfululizo, aone mechi tatu na arudi.

Mbili, kocha msaidizi apewe siku moja ya mazoezi kwa wiki, asimamie mwenyewe. Kocha mkuu anapata jioni ya tatu, yaani muda wake wa kutazama wachezaji unaongezeka kwa nusu nzima. Na msaidizi naye anakua. Makocha wengi hawataki hili, wanaona wakiacha timu siku moja wamepinduliwa. Hofu hiyo inawagharimu.

Tatu, atumie macho ya wengine. Mwalimu wa michezo wa Ileje, mwamuzi wa Momba na nahodha wa zamani anayeuza duka Mkwajuni wanaona mechi nyingi kuliko yeye. Zile saa 10 zilizotawanyika usiku ndizo za kuwapigia simu. Asiulize "kuna kipaji huko?" maana jibu siku zote ni ndiyo. Aulize dogo ana miaka mingapi, anatumia mguu gani, wiki hii alicheza namba ngapi, na timu ikifungwa anafanyaje. Jibu la maswali hayo linaokoa safari.

Nne, aandike. Daftari lenye jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, tarehe aliyoonwa na klabu aliyosajiliwa ni mali. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia tano ya fedha za uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Tunakumbuka Mbwana Samatta alivyotoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Akitokea Samatta wa Tunduma, klabu isiyo na usajili wala kumbukumbu itabaki kusimulia vijiweni kwamba yule alikuwa wetu. Dakika 20 kila Jumapili usiku zinatosha kwa kazi hiyo.

CHAMA NACHO KINA KAZI

Haya ni ya kocha. Lakini kuna moja ambalo kocha hawezi peke yake, nalo ni lile la saa 10:00.

Vyama vya soka vya wilaya na mkoa ndivyo vinavyopanga ratiba. Kama Jumamosi uwanja mmoja ungekuwa na mechi mbili, moja saa 8:00 mchana na nyingine saa 10:00, kocha angeona wachezaji 44 kwa nauli ile ile. Kama Tunduma ingecheza Jumamosi na Vwawa ikacheza Jumapili, asingelazimika kuchagua. Jua la saa nane ni kali, sikatai, na timu ya kwanza italalamika. Basi zipokezane, leo wewe saa nane, wiki ijayo mwenzako. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji kikao kimoja na kalamu.

Na wakuu wa shule na vyuo nao wamuangalie kocha kwa jicho jingine. Kumruhusu kutoka saa mbili mapema siku za UMISSETA ya kata si kumpa likizo. Siku hizo ndizo anazoweza kuona watoto wengi kwa gharama ndogo kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka.

Kwa kijana mambo yako hivi. Ana mwaka mmoja au miwili ambayo miguu iko tayari na nyumbani bado wanamvumilia. Baada ya hapo baba anauliza unaleta nini, na swali hilo ni halali. Kocha akifika ndani ya muda huo, dogo ana mahali pa kuanzia, iwe klabu au chuo. Akifika miezi sita baadaye atamkuta kwenye bodaboda pale mpakani, watasalimiana vizuri, na dogo atamuuliza, "Kocha, unaelekea wapi?"

Msimu mpya hauko mbali. Kabla ya kununua jezi na mipira, kila kocha wa Songwe achukue karatasi, ahesabu jioni zake na aandike atakuwa uwanja gani. Sisi wa magazeti tutakuja kukaa pembeni yake, na tutaomba kuliona hilo daftari.